Maumivu ya magoti: Tiba isiyo na muuzaji ndiyo inayosahaulika

KATIKA vituo vingi vya matatu na masoko humu nchini, si ajabu kukuta gari lenye vipaza-sauti limeegeshwa kando ya barabara na mnadi akiwahutubia wapita njia kuhusu magoti yao. Huuliza iwapo kuna mama anayeshindwa kupanda ngazi, mzee anayeshika ukuta akitaka kuinuka kitini, au mtu ambaye nyonga imekaza kama gogo. Kisha huinua chupa juu na kutangaza kuwa dawa iliyomo hutibu hayo yote, pamoja na kisukari, shinikizo la damu na upungufu wa nguvu za kiume.

Wanaonunua si wajinga. Aghalabu ni watu waliokwisha kupita kwenye duka la dawa, zahanati na hata hospitali ya kaunti, wakapewa vidonge vile vile kila mara, na maumivu yakarejea pindi vidonge vilipokwisha. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayeuza chupa barabarani angalau ana muda wa kuzungumza nao.

Maradhi yanayowasumbua wengi wao huitwa osteoathritisi na wataalamu. Ndiyo aina ya ugonjwa wa viungo iliyoenea zaidi ulimwenguni. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet Rheumatology ulikadiria kuwa watu milioni 595 walikuwa nayo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo itakaribia bilioni moja ifikapo mwaka 2050. Goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Kenya haiwezi kujitenga na takwimu hizo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na idadi yao inazidi kukua. Ugonjwa huu hauui kama malaria au saratani, na pengine ndiyo maana hauzungumziwi sana. Lakini humwondoa mkulima shambani, humzuia mama mboga kufika sokoni, na humfungia nyanya nyumbani akawa wa kuhudumiwa ilhali akili na nguvu bado anazo.

Kinachosikitisha ni kwamba elimu ya kuupunguza makali ipo, na sehemu yake kubwa haihitaji fedha nyingi. Tatizo ni kuwa elimu hiyo haina wa kuinadi.

Majina yaliyopotosha

Sehemu ya mkanganyiko inaanzia kwenye lugha. Kiswahili kimezoea kuyakusanya maumivu mengi ya viungo chini ya jina moja, baridi yabisi. Jina hilo linadokeza kuwa chanzo ni baridi iliyoingia mwilini na kukausha viungo. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi huvalishwa sweta mbili, hukatazwa kugusa maji na hushauriwa wasitoke nje mwezi wa Julai.

Ni kweli kwamba wagonjwa wengi husema wanaumia zaidi wakati wa baridi. Hata hivyo, baridi siyo inayoliharibu goti. Lau ingekuwa hivyo, wakazi wa Lamu na Garissa wasingeyajua maumivu haya.

Jina la pili ni ugonjwa wa uzee. Hili nalo lina ukweli nusu. Umri huongeza uwezekano wa kuugua, lakini si wazee wote wanaougua na si wote wanaougua ni wazee. Mchezaji kandanda aliyeumia goti akiwa na miaka 20 anaweza kuanza kuona dalili kabla ya kutimiza miaka 40. Mambo mengine yanayochangia ni uzani mkubwa wa mwili, urithi wa kifamilia, na kazi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi.

Ubaya wa kuuita ugonjwa wa uzee ni kwamba jina hilo linamfunga mgonjwa na daktari vilevile. Mmoja hukata tamaa, na mwingine huandika vidonge na kumwita mgonjwa anayefuata.

Kinachotendeka ndani ya goti

Mahali mifupa miwili inapokutana, ncha zake hufunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi linaloiwezesha kusogea bila kusuguana. Katika osteoathritisi, gegedu huchakaa na kupungua. Mfupa ulio chini yake hunenepa na kuota vijiti pembeni, utando unaozunguka kiungo huvimba mara kwa mara, na misuli inayolishikilia goti hudhoofika.

Wengi hufananisha hali hii na tairi la gari lililokwisha meno. Mfano huo umeenea hata miongoni mwa wahudumu wa afya, nao umeleta madhara makubwa. Mtu akiamini kuwa goti lake ni tairi kuukuu, jambo la busara litakuwa kuliegesha lisiishe kabisa. Basi huketi. Akiketi, misuli ya paja hulegea, uzani huongezeka, na goti huachwa bila nguzo. Maumivu huzidi, naye huamini kuwa alikuwa sahihi kuketi.

Ukweli ni kwamba gegedu ni kitu hai. Halina mishipa ya damu, hivyo hupata lishe kutoka kwa ute ulio ndani ya kiungo. Kila mtu anapokanyaga na kuinua mguu, gegedu hubanwa na kuachiliwa mithili ya sifongo, na ute huo ukaingia na kutoka. Goti lisilosogezwa hukosa riziki.

Aidha, gegedu halina neva za maumivu. Maumivu hutoka kwenye mfupa, utando na misuli. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kuonyesha goti lililoharibika sana kwa mtu asiyelalamika, na goti lenye kasoro ndogo kwa mtu asiyelala usiku. Anayeambiwa kuwa mifupa yake inasagana hana budi kufahamu kuwa picha hiyo si hukumu ya maisha yake.

Ni muhimu pia kutofautisha ugonjwa huu na mengine yanayofanana nao. Osteoathritisi huja polepole, huuma zaidi mtu anapotumia kiungo, na ukakamavu wa asubuhi huisha katika muda wa nusu saa hivi. Kiungo kinapovimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, au maumivu yanapoandamana na homa, kukonda au viungo vidogo vya mikono yote kuvimba, yawezekana ni jongo, maambukizi ya bakteria, kifua kikuu cha mifupa au aina nyingine ya baridi yabisi inayosababishwa na kinga ya mwili. Hayo yanahitaji hospitali bila kukawia.

Vidonge na bei yake iliyofichika

Kimbilio la kwanza la wengi ni duka la dawa. Hapo hununuliwa parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki, mara nyingi bila cheti cha daktari.

Uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika The Lancet ulionyesha kuwa parasetamoli pekee haina faida ya kutajika kwa maumivu ya osteoathritisi ya goti au nyonga. Diklofenaki na jamii yake hupunguza maumivu kweli, lakini zikimezwa kwa miezi na miaka huweza kuchimba vidonda vya tumbo, kudhuru figo, kupandisha shinikizo la damu na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Wazee wa ulimwengu wa tiba wanaikumbuka Vioxx, dawa ya viungo iliyosifiwa mno kabla ya kampuni ya Merck kuiondoa sokoni Septemba 2004 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo.

Humu nchini hatari hiyo ina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawajui. Mzee anayekunywa dawa za presha kutoka kliniki moja, na diklofenaki kutoka duka lililo karibu na nyumbani, huenda anabomoa kwa mkono wa kushoto anachojenga kwa mkono wa kulia.

Hii haimaanishi kuwa dawa hizo ni sumu. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2022 na taasisi ya NICE unapendekeza kuanza na dawa ya kupaka kwenye goti, kwa kuwa kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Vidonge hufuata iwapo ya kupaka imeshindwa, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mwongozo huo huo unasema parasetamoli isitolewe kiholela, wala dawa kali za jamii ya afyuni zisitumiwe.

Sindano na kisu

Wenye uwezo zaidi huelekezwa kwenye sindano. Ile ya steroidi ndani ya goti huleta nafuu ya wiki kadhaa, na inafaa wakati maumivu yamepanda sana. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA ulifuatilia wagonjwa 140 kwa miaka miwili na kuona kuwa waliodungwa steroidi kila baada ya miezi mitatu walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, ilhali maumivu yao hayakutofautiana.

Baadhi ya kliniki za kibinafsi mijini sasa hunadi sindano ya chembechembe za damu ya mgonjwa mwenyewe, kwa ahadi kuwa itaotesha gegedu upya. Watafiti wa Australia waliijaribu kwa watu 288, na matokeo yao ya mwaka 2021 yakaonyesha kuwa baada ya mwaka mmoja haikushinda sindano ya maji ya chumvi.

Funzo kubwa zaidi lilitoka Houston, Marekani, mwaka 2002. Madaktari waliwagawa wagonjwa 180 katika makundi matatu. Wawili kati ya makundi hayo walifanyiwa upasuaji wa kusafisha goti kwa kamera ndogo. Kundi la tatu lilichanjwa ngozi tu na kushonwa, bila goti kuguswa. Kwa miaka miwili iliyofuata, hakuna kundi lililopata nafuu kuliko lingine. Upasuaji uliokuwa umewaingizia mahospitali fedha nyingi ulikuwa hauna tofauti na kuamini tu kwamba umetibiwa.

Upasuaji wa kubadilisha goti au nyonga ni jambo tofauti. Tangu Mwingereza John Charnley alipofaulisha ule wa nyonga mwanzoni mwa miaka ya 1960, umewarudishia mamilioni ya watu uwezo wa kutembea. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa takriban magoti bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa mgonjwa ambaye goti limekwisha kabisa, hakuna kinacholingana nao. Hata hivyo, gharama yake humu nchini hufika mamia ya maelfu ya pesa, wapasuaji wa mifupa wamejaa mijini, na si kila goti linalouma linauhitaji.

Mitishamba, ubani na chupa zisizo na jina

Watu wa jamii mbalimbali nchini walitibu viungo kabla ya hospitali kujengwa. Wamaasai hutia magome ya miti katika mchuzi wa nyama. Katika maeneo ya Kati, thabai huliwa na kusifiwa kwa ajili ya mifupa. Pwani kuna kukandwa kwa mafuta, kuumikwa kwa chuku na kufukizwa. Mwaka 2011, watafiti wa humu nchini walichapisha orodha ya mimea inayotumiwa na waganga wa Machakos na Makueni kwa maumivu sugu ya viungo. Taasisi ya utafiti wa kimatibabu nchini, KEMRI, ina kituo kizima kinachochunguza dawa za kiasili.

Kwa hivyo, kuidharau tiba mbadala yote ni kukosa busara sawa na kuikumbatia yote. La busara ni kuuliza kila moja swali lile lile linaloulizwa vidonge: inasaidia nani, kwa kiasi gani, na kwa hatari ipi?

Zikipimwa hivyo, baadhi zinajitetea. Dawa ya kupaka inayotokana na ukali wa pilipili hupunguza maumivu ya goti kwa baadhi ya wagonjwa. Utomvu wa mti wa jamii ya ubani unaokua India ulionyesha nafuu ya wastani katika uchanganuzi wa mwaka 2014. Manjano yana majaribio kadhaa yenye matumaini, ingawa mengi ni madogo, na kumekuwa na visa vya ini kuathirika kwa waliomeza vidonge vyake vikali. Kukandwa na kuwekewa kitambaa cha maji moto hutuliza kwa muda. Kuhusu tiba ya vishindano vya Kichina, wataalamu wa Marekani waliikubali kwa tahadhari mwaka 2019, ilhali wale wa Uingereza waliikataa mwaka 2022.

Nyingine zimeanguka mtihani. Glukosamini, ambayo hutengenezwa hasa kwa magamba ya kaa na kamba, huuzwa kwa bei ghali katika maduka ya dawa na kupitia mawakala wa virutubisho wanaozunguka maofisini na makanisani. Jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha watu 1,583, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, halikuona faida ya kutegemewa kwa wagonjwa kwa jumla. Haiwadhuru wengi, ila huwadhuru mfukoni. Mzee anayetegemea Sh2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii hana mfuko wa kubahatisha.

Hatari kubwa imo katika chupa na pakiti zisizoeleza kilichomo. Katika nchi nyingi, unga unaodaiwa kuwa wa mitishamba pekee umekutwa na steroidi na diklofenaki zilizochanganywa kisiri. Mwaka 2022, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa iitwayo Artri King baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Ziliuzwa kama kirutubisho cha kawaida.

Dawa za namna hiyo hufanya kazi upesi mno, na hapo ndipo mtego ulipo. Mgonjwa huamka akitembea na kumtangazia jirani. Baada ya wiki kadhaa uso huvimba, hamu ya chakula hupanda, sukari na presha huongezeka. Akiacha ghafla, mwili ambao umezoea steroidi ya nje huweza kuzimia kwa kukosa yake yenyewe, na hilo laweza kumwua. Daktari anayempokea hana habari, kwa sababu mgonjwa anaapa kuwa hajanywa ila mitishamba.

Kwa hiyo, unga wa mitishamba unaomaliza maumivu ya miaka kumi kwa usiku mmoja haustahili kusifiwa. Unastahili kupelekwa maabara.

Tiba ambayo hakuna anayeiuza

Katika miongozo yote mikuu ya miaka ya karibuni, iwe ya Ulaya au Marekani, mambo matatu huwekwa mbele ya dawa na kisu: mgonjwa aelimishwe kuhusu ugonjwa wake, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli, na apunguze uzani ikiwa umezidi.

Faida ya mazoezi isitiwe chumvi. Majaribio zaidi ya 100 yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kuwa hupunguza maumivu na kuongeza uwezo wa kutembea kwa kiasi cha wastani, si kwa muujiza. Lakini ulinganisho uliochapishwa mwaka 2023 ulibaini kuwa nafuu hiyo inakaribiana na ile ya vidonge vya kupunguza uvimbe. Tofauti ni kwamba mazoezi hayachimbi tumbo wala kuchosha figo, na yanaisaidia presha badala ya kuipandisha.

Denmark ilianzisha mwaka 2013 mpango unaoitwa GLA:D, ambao humpa mgonjwa masomo machache na vipindi 12 vya mazoezi chini ya uangalizi kwa muda wa wiki sita. Umeenea katika nchi kadhaa. Wapo watakaosema hayo ni ya mataifa tajiri. Hata hivyo, nchini Afrika Kusini, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwafundisha kwa wiki sita wagonjwa waliokuwa wakisubiri kubadilishiwa viungo katika hospitali za umma. Maumivu yao yalipungua kwa kiasi kikubwa kuliko ya wenzao waliosubiri tu.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Mtu huketi kwenye kiti, akanyoosha mguu mmoja mbele, akaushikilia hapo kwa hesabu ya tano na kuushusha polepole, mara kumi kwa kila mguu. Huinuka kitini bila kushika kitu na kuketi tena taratibu. Hutembea kila siku, akiongeza mwendo kidogo kila wiki. Maumivu madogo wakati wa mazoezi si ishara ya kuharibika. Yakizidi na kuendelea hadi kesho yake, dawa ni kupunguza kiasi, wala si kuacha.

Hapa huzuka pingamizi la haki. Mama wa kijijini anayelima, kuteka maji na kubeba kuni atauliza ni mazoezi gani zaidi anayohitaji. Jibu ni kwamba kazi na mazoezi si kitu kimoja. Kubeba mtungi wa lita 20 mlimani kunaongeza mzigo juu ya goti, lakini hakuchagui msuli wa kuimarisha wala hakumpi mtu nafasi ya kupumzika anapochoka. Kwake, ushauri wa maana huenda ukawa kubeba nusu ya mzigo mara mbili, kutumia kigoda badala ya kuinama kutwa nzima, na kutenga dakika chache za kuimarisha mapaja. Daktari anayemwambia tu aache kazi nzito hamwelezi watoto watakula nini.

Kuhusu uzani, hesabu yake ni ya kushangaza. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Utafiti mwingine wa mwaka 1992 ulionyesha kuwa wanawake waliopunguza kilo tano hivi katika muda wa miaka 10 walipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupata ugonjwa huu kwenye goti. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 humu nchini ulikuta thuluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa wakiwa na uzani uliozidi, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha hali haijawa bora. Magoti ya mwaka 2040 yanaandaliwa leo.

Mwaka 2024 jaribio la dawa ya kupunguza uzani, semaglutaidi, lilionyesha wagonjwa 407 wenye unene na maumivu ya goti wakipata nafuu kubwa. Ni habari njema, ila kwa sasa bei yake iko mbali na mwananchi wa kawaida.

Wajibu wa kunadi

Swali basi ni kwa nini tiba iliyothibitishwa zaidi ndiyo isiyosikika kabisa. Jibu haliko mbali. Diklofenaki ina kampuni. Goti bandia lina hospitali. Glukosamini ina mawakala wanaolipwa kwa kila kopo. Unga wa barabarani una kipaza-sauti. Mazoezi ya kitini hayana anayepata faida isipokuwa mgonjwa mwenyewe, naye hajui kuwa yapo.

Kitu kinachowafaa wengi lakini hakimletei mfanyabiashara faida hubaki kuwa jukumu la umma. Nyenzo tayari zipo. Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa vifaa vya kupimia presha na sukari vijijini. Wanaingia nyumba ambamo nyanya ameketi. Kuwafundisha mazoezi manne na dalili za hatari hakuhitaji bajeti ya kuagiza mashine kutoka ng'ambo.

Kadhalika, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024 kwa ahadi ya kuipa kipaumbele afya ya msingi. Hazina ya Afya ya Msingi hugharimia huduma katika zahanati na vituo vya afya. Lakini wataalamu wa fiziotherapia, taaluma iliyopewa sheria yake mwaka 2014, kwa kawaida hupatikana katika hospitali kubwa. Mgonjwa asiyeweza kutembea ndiye anayetakiwa kusafiri mbali zaidi. Kumpeleka mtaalamu mmoja kwenye kituo cha afya siku moja kwa wiki, akaongoza kundi la watu 20, kungegharimu kidogo kuliko kuwasafisha figo wachache walioharibiwa na vidonge.

Upande wa tiba asilia, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua na kuagiza kuwepo kwa chombo cha kisheria cha kuisimamia. Kwa miaka mingi, waganga wa kienyeji wamekuwa wakisajiliwa na idara ya utamaduni, kana kwamba dawa inayomezwa ni ngoma inayochezwa. Mganga mwaminifu, anayejua mti wake na kipimo chake, ndiye wa kwanza kunufaika na usimamizi wa kweli, kwa maana jina lake linachafuliwa na anayesaga deksamethasoni ndani ya majani makavu. Bodi ya Famasia na Sumu nayo ina wajibu wa kuchukua sampuli za chupa hizo sokoni na kutangaza matokeo kwa lugha ambayo wanunuzi wanaielewa.

Madaktari pia hawana budi kujiuliza. Dakika tatu anazopewa mgonjwa wa goti hazitoshi kumweleza ugonjwa wake, na anayetoka hospitalini bila maelezo atayatafuta kwingine. Kabla ya kumlaumu kwa kunywa chupa, ni vyema kumwuliza kwa upole anakunywa nini. Mgonjwa asiyeogopa kukaripiwa husema ukweli, na ukweli huo unaweza kumwokoa figo.

Osteoathritisi haina tiba ya kuimaliza, na yeyote anayeahidi vinginevyo, awe na koti jeupe au kipaza-sauti, anauza kisichokuwepo. Lakini kati ya kupona kabisa na kufungiwa nyumbani kuna nafasi pana, na ndani yake mamia ya maelfu ya Wakenya wangeweza kupanda ngazi, kwenda sokoni na kucheza na wajukuu wao. Haba na haba hujaza kibaba, na dakika chache za kila siku ni haba ambayo hata maskini anayo. Asichonacho ni mtu wa kumwonyesha. Hadi serikali na kaunti zitakapompeleka mtu huyo hadi mlangoni pake, mwalimu wa pekee atabaki kuwa yule aliye juu ya gari, na karo yake ni bei ya chupa.